Mtoto ametoka kijijini kuja kuishi mjini: namna ya kumpokea na kumzoesha

Nilikuwa na miaka 9 nilipoletwa mjini kuishi kwa mama mdogo. Ninachokikumbuka kuliko vyote si magari wala maghorofa. Ni kwamba sikujua nikae wapi. Kijijini nilikuwa na mahali pangu kwa kila saa: asubuhi kisimani, mchana chini ya mti, jioni jikoni kwa bibi. Mjini nilisimama katikati ya sebule, na kila nilipogeuka nilikuwa nimemzibia mtu njia. Hakuna aliyenitendea ubaya. Wote walidhani tu kwamba mtoto akishafika, kazi imekwisha.

Baadaye nami nimewapokea watoto wawili wa ndugu zangu, kwa nyakati tofauti, na kwa yule wa kwanza nilikosea mambo ambayo mimi hasa nilipaswa kuyajua. Mwongozo huu ni kwa mlezi au mzazi anayejiandaa kumpokea mtoto wa miaka 5 hadi 13 hivi. Msingi wake ni mmoja: usimpe mtoto mji mzima kwa mara moja. Mpe nyumba kwanza, kisha mlango, kisha njia moja, kisha shule. Mji ni mkubwa hata kwa mtu mzima, lakini njia moja mtoto anaiweza.

Hatua ya 1: Anza kabla hajapanda basi

Kusanya karatasi zake mapema: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule na barua ya uhamisho. Kadi ya chanjo watu huisahau, na ni muhimu kuliko wanavyofikiri. Surua huenea kwa hewa, na penye msongamano wa watu hupita upesi. Kama kuna chanjo aliyoikosa, ipate kabla hajaanza kukaa darasani na watoto wengi.

Kisha zungumza na aliyemlea. Usiishie kwenye salamu na shukrani, muulize mambo madogo madogo. Analala na nani? Anaogopa nini? Akiugua huanzia wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Bado anakojoa kitandani? Akikasirika, hunyamaza au hulia? Majibu hayo yatakuokoa wiki nyingi za kubahatisha.

Mtoto mwenyewe mwambie ukweli. Wapo wanaomdanganya mtoto kwamba anakwenda kutembea tu, ili asilie kituoni. Machozi hayo hayakwepeki, huahirishwa tu, na siku yatakapokuja yatakuja pamoja na kutokukuamini. Mwambie anahama, kwa nini anahama, ataishi na nani, nani anabaki, na lini atarudi kusalimia. Kama tarehe ya kurudi hujaijua, usiitunge. Mpe nafasi ya kuaga watu, wanyama na mahali anapopapenda. Mwache abebe kitu kimoja chake hata kama wewe hukioni thamani yake. Mtoto wangu wa kwanza alikuja na kipande cha kamba. Nilitaka kukitupa. Namshukuru Mungu sikukitupa.

Ukiweza kuchagua, mlete wiki tatu au nne kabla shule hazijafunguliwa.

Hatua ya 2: Siku za kwanza ziwe za nyumba tu

Hamu ya kumtembeza itakushika. Utataka kumwonyesha majengo marefu, taa na maduka, ufurahie kuyaona macho yake. Subiri. Kwake hata nyumba yako ni nchi ngeni.

Mwonyeshe kwanza mahali pa kulala na mahali pa kuweka vitu vyake, hata iwe rafu moja au boksi moja. Hapo pawe pake, wengine wasipapekue. Kisha pitia naye nyumba nzima na kila kitu akifanye kwa mkono wake: kufungua na kufunga bomba, kuvuta maji ya choo, kuwasha taa, kufungua mlango kwa ndani. Usidhani anajua, na usimuulize mbele ya wengine kama anajua, kwa sababu atasema anajua. Fanya kama unavyomfanyia mgeni yeyote: "Hili bomba letu hufunguka kwa kuvuta juu. Hebu jaribu." Akikosea, pasiwe na kicheko. Watoto wenyeji wa nyumba waambie hivyo kabla hajafika, maana kicheko cha siku ya kwanza hukaa moyoni muda mrefu.

Mambo manne hayasubiri. Kwanza umeme: soketi na nyaya haziguswi kwa mikono mibichi, na hakuna kitu kinachochomekwa humo isipokuwa plagi. Pili gesi: akisikia harufu yake asiguse swichi wala asiwashe moto, afungue madirisha, atoke, aite mtu mzima. Tatu moto wa makaa: kijijini huenda amezoea kuota moto jikoni penye upenyo mwingi. Katika chumba kilichofungwa, jiko la makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Nne, kama mnaishi ghorofani, ondoa kiti, meza au ndoo karibu na dirisha na kwenye roshani. Mtoto aliyezoea kupanda miti haogopi urefu, na ukingo wa roshani kwake ni tawi kama matawi mengine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mtoto huyu naufuata usemi huo kwa upole: siku ya tatu mpe kazi moja ndogo iliyo yake, anayoiweza vizuri. Kumwagilia maua, kukunja nguo, kupanga viatu mlangoni. Kazi humpa mahali pa kusimama. Lakini iwe kazi ya mtoto wa nyumba, sawa na wanayofanya wenzake. Kuna watoto wengi wanaoletwa mjini kwa ahadi ya shule, wakaishia kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamtambulia kila mtoto haki ya elimu, na pia haki ya kupumzika na kucheza. Kama mpango ulionao ni wa kupata msaidizi wa kazi, basi usimtoe mtoto kwao.

Hatua ya 3: Jina, namba na salamu

Kabla hajatoka nje peke yake hata dakika moja, awe amekariri jina lako kamili, namba moja ya simu, na alama mbili za mahali mnapoishi. Mfundishe kwa wimbo, asubuhi na jioni, na umuulize akiwa anafanya jambo lingine. Namba anayoikumbuka akiwa ametulia tu haitamsaidia akiwa amepotea na analia.

Kubalianeni afanye nini akipotea. Asimame palepale alipo, asikimbie kutafuta njia. Kama hakuna aliyemrudia, amwendee mama mwenye watoto, au mwenye duka aliye dukani kwake, au askari aliyevaa sare, na aseme namba.

Sasa liko jambo gumu, nami nalitilia mkazo. Mtoto wa kijijini amelelewa kumsalimia kila mtu mzima, kutumwa na kila mtu mzima, na kutobishana na mkubwa. Kijijini malezi hayo yanamlinda, kwa kuwa kila mtu mzima anajulikana ni mtoto wa nani na anakaa wapi. Mjini malezi yale yale yanaweza kumtia hatarini. Mtu asiyemjua atamwita kwa sauti ya kikubwa, naye atakwenda, si kwa ujinga bali kwa adabu.

Usiivunje adabu hiyo. Usimwambie kwamba watu wa mjini wote ni wabaya, kwa sababu ataishi nao. Mwongezee kanuni moja: salimia, lakini usiende. Mtu yeyote anaweza kupata salamu yake. Hakuna anayeweza kupata miguu yake, mkono wake wala siri yake bila mlezi kujua. Mwambie wazi kwamba mkubwa anayetaka msaada humwomba mkubwa mwenzake, hamwombi mtoto. Chagueni neno la siri: yeyote atakayesema ametumwa na wewe kumchukua, alitaje. Asipolijua, mtoto akimbie na kupiga kelele, na wewe umwahidi mapema kwamba hatagombezwa kwa kumpigia kelele mtu mzima. Ahadi hiyo ndiyo itakayomfungua mdomo.

Halafu igizeni. Wewe kuwa mgeni, yeye awe yeye. Mara ya kwanza atakufuata, kama wangu alivyonifuata. Rudieni mpaka aweze kusema "hapana, shikamoo" bila sauti kutetemeka.

Hatua ya 4: Barabara

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hatua hii ndiyo usiyoweza kuiharakisha.

Kwanza elewa anachoona yeye. Ni mfupi, gari lililoegeshwa linamficha asionwe na dereva, na yeye haoni kinachokuja. Watoto wengi walio chini ya miaka 10 bado hawawezi kupima vizuri kasi ya gari na umbali wake. Wanaona liko mbali, basi wanavuka. Na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, mita 14 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo.

Mtoto wa kijijini ana jambo la ziada. Amezoea kuvuka kwa masikio. Kule gari husikika likiwa bado nyuma ya kilima, naye akishalisikia hukaa pembeni. Mjini mngurumo haukatiki, kwa hiyo sikio halimwambii chochote, na magari ya umeme hayatoi sauti ya kutosha. Inabidi ajifunze upya kuvuka kwa macho. Nilipolielewa hili ndipo nilipoacha kumkaripia mtoto wangu wa kwanza kwa "kuzubaa" barabarani. Alikuwa anasikiliza.

Mzoeshe hivi, kwa njia moja tu, ile ya shule. Wiki ya kwanza unamshika mkono na unasema kwa sauti kila unachofanya: tunasimama ukingoni, tunaangalia upande magari yanakotokea, upande wa pili, tena upande wa kwanza, barabara ni tupu, tunatembea, hatukimbii, tunaendelea kuangalia. Wiki ya pili yeye ndiye anayesema na wewe unamfuata, mkono bado umeushika. Hapo utajua anachokiona na asichokiona. Wiki ya tatu atangulie hatua chache, wewe uwe nyuma karibu naye. Baada ya hapo umri wake na ubaya wa barabara yenyewe ndivyo vitakavyoamua. Kuna barabara ambazo mtoto wa miaka 11 hapaswi kuzivuka peke yake hata akiwa hodari.

Mwonyeshe maeneo yanayodanganya. Kivuko chenye mistari hakisimamishi gari, dereva ndiye anayelisimamisha, kwa hiyo asubiri mpaka limesimama kabisa. Basi likishusha abiria, asivuke mbele wala nyuma yake kabla halijaondoka. Gari likimpisha, pikipiki inaweza kuchomoza ubavuni mwake. Mpira ukiingia barabarani, mpira umekwenda. Utanunuliwa mwingine.

Hatua ya 5: Usingizi

Watoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto aliyezoea giza totoro na sauti za wadudu hatazipata saa hizo kirahisi penye taa za mtaani na milango inayogongwa usiku kucha. Weka pazia zito. Televisheni izimwe mapema. Saa ya kulala iwe ileile kila siku.

Kilichonisaidia zaidi ni kuzipa sauti majina. Mchana tulikaa dirishani na kuhesabu: hiyo ni pampu ya maji, hiyo ni ambulensi inampeleka mgonjwa, huyo ni jirani anarudi kazini. Sauti iliyo na jina haitishi usiku.

Asishangaze mtu mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena. Hutokea anapopitia mabadiliko makubwa. Badilisha shuka kimyakimya, usimwite kikojozi, usimwanike na godoro lake. Ikiendelea wiki nyingi, au akisikia maumivu au kiu isiyo ya kawaida, mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 6: Shule

Mpeleke shuleni siku moja kabla ya masomo kuanza, uwanja ukiwa mtupu. Aone darasa, mahali pa maji na choo. Choo hasa. Watoto wengi hujibana siku nzima kwa sababu hawajui kilipo au wanaona aibu kuuliza. Mweleze mwalimu wa darasa kwamba mtoto amehama, amezoea lugha ipi, na umwombe amkalishe karibu na mwenzake mpole.

Matokeo yatashuka. Aliyekuwa wa pili kijijini anaweza kuwa wa thelathini mjini, akiwa na akili ileile. Anasikiliza somo huku anaitafsiri lugha, anazuia lafudhi yake, na anajiuliza wanamcheka nini. Mpe angalau mihula miwili kabla ya kukubali kwamba arudishwe darasa. Na lugha ya kwao izungumzwe nyumbani bila woga. Haimzuii kujifunza nyingine. Mtoto anayenyamazishwa lugha yake hunyamaza kwa mambo mengi.

Ataitwa mshamba. Usimwambie apuuze tu, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kulipuuza jina hilo. Mfundishe jibu fupi lisilo na matusi, kama "Ndiyo, nimetoka shamba. Wewe umewahi kukamua?" kisha aendelee na shughuli yake. Jibu hilo halitafanya kazi kila siku. Akipigwa, akinyang'anywa vitu au akikataa kwenda shule, hilo si jambo la mtoto kulimaliza mwenyewe. Nenda shuleni.

Usihesabu marafiki. Akipata mmoja, mwalike huyo nyumbani, na wape jambo ambalo mtoto wako analiweza kuliko mwenzake: kusuka kamba, kutengeneza mpira, kuotesha mbegu kwenye kopo. Siku moja ya kuwa fundi mbele ya mwenzake humnyoosha mgongo.

Hatua ya 7: Mwili unaodai nafasi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuwachangamsha. Mtoto wa kijijini alizipata kabla jua halijawa kali. Ukimfungia katika vyumba viwili ataruka juu ya makochi, atagombana, nawe utasema ni mtundu. Mara nyingi si utundu, ni miguu isiyo na pa kwenda. Tafuta uwanja, bustani ya umma, hata ngazi za jengo, na mtoke kila siku. Usimpe simu ili atulie. Itamtuliza kweli, na baada ya miezi miwili utakuwa unapigana nayo.

Pesa ni jambo fupi. Mjini hata maji hununuliwa, naye hajazoea. Mpe kiasi kidogo, nenda naye dukani, mwache alipe na ahesabu chenji mwenyewe.

Hatua ya 8: Kijiji kisife

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa akizungumza na bibi yake kwenye simu kila Jumapili, na kila alipomaliza alilia mpaka jioni. Nikapunguza simu. Kilio kikaisha kweli, nikajisifu kwamba amezoea. Baada ya miezi kadhaa mwalimu aliniita kuniambia kwamba mtoto haongei darasani. Nyumbani nilikuwa naona utulivu. Nilimrudishia simu zake, akalia tena Jumapili tatu au nne, kisha akaanza kunisimulia habari za kule: nani kazaa, mti gani umeanguka. Wiki iliyofuata akamsimulia bibi habari za shule.

Basi weka siku maalumu ya simu na uiheshimu. Akilia baada yake, kaa naye. Uliza habari za kijijini na usikilize kama mtu anayetaka kujua. Na sentensi moja iondoe kabisa mdomoni mwako: "Nitakurudisha kijijini." Ukiitumia kama kitisho umemfundisha kwamba kwao ni jela, na kwamba kwako anakaa kwa hisani.

Miezi miwili mitatu ya majonzi yanayopanda na kushuka ni ya kawaida. Tafuta daktari au mshauri nasaha mapema kama hali chakula vizuri kwa wiki kadhaa, haongei na yeyote, anajiumiza, au anasema hataki kuishi. Na akianza kumwogopa mtu mmoja mahsusi, awe jirani, mwalimu au ndugu wa nyumba hiyohiyo, msikilize hapohapo na umweke mbali na mtu huyo kabla ya kuanza kuulizana nani anasema kweli.

Safari ya kwanza ya kurudi kusalimia ifanyike mapema kadiri uwezo unavyoruhusu. Kabla hamjaondoka mwambie tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, uziandike ukutani azikate moja moja. Akifika kule mwache, usimtembeze kwa watu kama zawadi uliyoleta kutoka mjini. Mkirejea, tegemea siku mbili tatu za kununa, usingizi wa shida, pengine na shuka mbichi. Siku hizo zipangie mambo machache: simu kwa bibi jioni ya kwanza, ile kazi yake ya kumwagilia maua asubuhi, na njia ya shule mwipite tena pamoja, mara moja, kabla hajaianza peke yake.